Rejeta ya Land Rover ya mzee: osha kwanza, rangi ngoja kidogo

Kuna msomaji wa Mafinga ameniandikia, nafupisha: "Shikamoo fundi. Mzee ameniachia Land Rover 109 Series III ya petroli, ilikaa muda mrefu nyuma ya nyumba haiwashwi. Nimeifufua, inatembea vizuri tambarare, ila nikipandisha mlima Kitonga mshale wa joto unapanda mpaka napaki pembeni. Rejeta ni ile ya shaba ya zamani, imeota ukijani na rangi imebabuka. Fundi wa hapa kanambia niioshe kwa kostiki soda alafu niipake rangi nyeusi ya mafuta, nzito, eti nyeusi inatoa joto na gari itaacha kuchemsha. Rangi na brashi nimeshanunua, je nianze?"

Marahaba mdogo wangu. Usianze. Hiyo brashi iweke mbali kabisa na rejeta, rangi ya mafuta ya makopo ni ya mageti na milango, ukiipaka pale katikati kwenye mapezi, yale mabati membamba yanayopitisha upepo, umeshaivisha rejeta blanketi na utairudia Kitonga ukiwa na hali mbaya kuliko ya sasa.

Hii habari ya rangi nyeusi kupoza gari nimeisikia gereji nyingi sana na haifi, kwa sababu ina ka ukweli kadogo ndani yake. Ni kweli kitu cheusi kinarusha joto kuliko kinachong'aa. Lakini piga hesabu: uso wa rejeta yako ni kama robo ya mita ya mraba kila upande, tuseme imepata joto la digrii 90 na hewa ya nje ni digrii 30, hata ukiipaka weusi wa kutisha itarusha kama wati 250 hivi kwa pande zote mbili. Injini yako ya lita 2.25 ikikaza mlima inasukuma kwenye maji joto la makumi ya kilowati, yaani makumi ya maelfu ya wati. Kwahiyo mchango wa rangi haufiki hata asilimia moja. Joto lote lililobaki linaondolewa na upepo unaopita katikati ya mapezi, na upepo haujali rangi, unajali nafasi. Ndo maana nasema rangi nzito ni hasara: inaziba nafasi na inakaa katikati ya shaba na upepo. Rangi tunapaka ili shaba na lehemu visiliwe na unyevu na chumvi, na ili gari ipendeze ukifungua boneti, basi.

Sasa kwanini Kitonga tu na siyo tambarare? Kwa sababu pale unapanda na gia ndogo, injini inapiga kelele na kuchoma mafuta mengi, mwendo wenyewe wa pole upepo wa mbele hakuna, feni peke yake ndo inavuta. Rejeta iliyoziba nusu inaweza kukutosha vizuri tu Makambako kwenda Njombe siku ya baridi, ikifika mlimani inaumbuka. Alafu kuna suala la mwinuko ambalo watu wanalisahau, maji Dar yanachemka digrii 100 lakini Iringa mjini, kama mita 1,600 juu ya bahari, yanachemka kwenye 95 hivi, na huko kwenu Mafinga ni juu zaidi. Kinachokuokoa ni mfuniko wa rejeta unaobana presha. Mfuniko ukiwa umechoka, ile springi imelegea au raba imekatika, unachemsha mapema hata kama rejeta ni nzima. Kwahiyo kabla hujatoa chochote angalia mfuniko, ni kitu cha bei ndogo. Ila usinunue wa gari mpya! Mifuniko ya Toyota nyingi za leo imeandikwa 0.9 au 1.1, hiyo ni presha, karibu sawa na baa, yaani paundi 13 mpaka 16 kwa inchi ya mraba, na rejeta nyingi za zama za gari yako zilitengenezwa kwa paundi kati ya 7 na 10. Ukiweka wenye presha kubwa tenki la juu linaweza kupasuka kwenye mshono. Soma namba iliyoandikwa kwenye mfuniko wako wa zamani, tafuta wa namba hiyo hiyo.

Haya, tuje kwenye kuosha. Kwanza ijue imeziba wapi, nje au ndani. Washa gari ipate moto kabisa, zima, subiri feni itulie, alafu pitisha mkono karibu na rejeta bila kuibana, kuanzia juu kushuka na kushoto kwenda kulia. Juu panatakiwa pawe moto na joto lipungue taratibu kuelekea chini. Ukikuta eneo moja limepoa ghafla wakati jirani yake panachoma, vibomba vya hapo vimeziba ndani. Kama una rafiki mwenye kile kipima joto cha kuelekeza kama bastola ndo vizuri zaidi. Na chungulia kwa mbele, ukiona mbegu za nyasi, wadudu, na vumbi la udongo mwekundu limegandana na oili, hapo na nje pia pameziba. Kwa gari iliyolala nyuma ya nyumba mi nabeti ni vyote viwili.

Fungua ikiwa imepoa kabisa, sitaki kusikia umefungua mfuniko ikiwa ya moto, yale maji yakiruka yanababua uso. Kinga maji yote kwenye beseni. Kama ndani kuna kulanti, ile dawa ya kuchanganya na maji ya rejeta, usiimwage uani, ile kitu ina utamu na ni sumu kali, mbwa anailamba, kuku wanakunywa, mtoto anaweza kuonja. Nati zilizokaa miaka yote hiyo zipige mafuta ya kulainisha usiku wa kuamkia siku ya kazi, la sivyo utakata boliti na utapoteza siku nzima unachimba. Mipira miwili mikubwa usiing'oe kwa kutumia nguvu na bisibisi, mdomo wa tenki ni bati jembamba la shaba nyeupe na unapinda kirahisi, kama mpira umegoma ukate kwa kisu, mpira mpya ni nafuu kuliko mdomo mpya.

Nje: ilaze, imwagie maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya unga, iache ilowe nusu saa, alafu suuza kwa mpira wa bustani ukielekeza maji kutoka upande wa injini kwenda upande wa mbele. Uchafu uliingia kwa mbele, ukiosha kwa mbele unaushindilia ndani. Rudia mpaka maji yatoke masafi upande wa pili. Ile mashine ya kuoshea magari usiisogeze, inalaza mapezi yote kwa sekunde moja na kuyanyoosha moja moja kwa kisu kisichokata ni kazi ya mtu mwenye uvumilivu wa kuchambua mchele. Yaliyopinda tayari nyoosha taratibu. Na hapa jaribu kitu kimoja: shika mapezi machache kwa kidole, kama yanavunjika na kuwa unga wa kijani, shaba imekufa, acha kila kitu, hakuna kuosha wala rangi itakayosaidia. Peleka kwa fundi rejeta abadilishe ile sehemu ya katikati yote na kubakiza matenki yako. Rejeta za shaba zinaruhusu hilo kwa sababu zimeunganishwa kwa lehemu, siyo kama hizi za plastiki na aluminiamu ambazo zikifa unatupa.

Ndani sasa, na hapa ndo napishana na fundi wako. Kostiki siyo kwamba haijawahi kutumika, karakana za zamani zilikuwa na mapipa ya kuchemshia rejeta za shaba ndani ya kostiki, inatoa grisi, oili na rangi vizuri sana. Lakini kilichoziba vibomba vyako siyo oili. Ni vitu viwili, chokaa ya maji ya kisima ambayo watu wamekuwa wakijazia njiani miaka na miaka, na tope la kahawia ambalo ni kutu. Kostiki haiyeyushi chokaa wala kutu ya aina hiyo, vyote viwili vinataka asidi nyepesi. Kwahiyo ungejihatarishia macho bure. Na kuna wanaoimwaga kostiki kwenye gari ikiwa imefungwa hivyo hivyo wanawasha injini izunguke nayo, hiyo ni hatari kabisa kwa sababu kostiki inakula aluminiamu kwa kasi huku ikitoa gesi ya haidrojeni inayowaka, na gari yako ina nyumba ya themostati (kile kifaa kinachofungulia maji yaende kwenye rejeta injini ikipata moto) ya aluminiamu hapo mbele. Upande wa pili wa ujinga huo huo ni maji makali ya betri, kuna watu wanayamwaga kwenye rejeta eti yanasafisha, yanasafisha kweli, yanasafisha mpaka lehemu.

Tumia asidi ya sitriki, ule unga mweupe mchachu, wanauza wauza vifaa vya keki na wa malighafi za sabuni. Lakini kabla ya unga, piga maji kinyumenyume: simamisha rejeta, ingiza mpira wa bustani kwenye mdomo wa CHINI, funga nafasi kwa kitambaa, maji yatokee juu. Tope lililokaa chini litang'oka. Usishangae rangi, mwanzoni inatoka kama chai ya rangi iliyozidi majani. Ukiona yametoka meupe, geuza rejeta, tikisa, piga tena.

Alafu changanya gramu 50 mpaka 100 za sitriki kwa kila lita ya maji ya moto, siyo ya kuchemka, ya moto tu kama digrii 60. Ziba mdomo wa chini kwa gunzi au kizibo cha mti kilichovikwa raba, jaza mpaka juu, utaona inatoa mapovu, hiyo ni chokaa inayeyuka. Usifunge juu, gesi inatakiwa itoke. Acha saa moja, tikisa kila baada ya muda, mwaga, angalia. Kama bado mapovu yapo mengi rudia na mchanganyiko mpya. Lakini maji yakitoka ya kijani cha bluu bluu na mapovu hakuna, asidi imemaliza chokaa na imeanza kula shaba, acha hapo hapo. Usilaze rejeta na asidi usiku kucha ukaenda kulala, watu wanafanya hivyo na asubuhi wanakuta inavuja mahali ambapo jana palikuwa pazima (mara nyingine lakini siyo asidi iliyotoboa, ni kwamba ile chokaa ndo ilikuwa imeziba tundu la zamani, bora ujue sasa kuliko Kitonga).

Suuza kwa maji mengi, alafu lita kadhaa za maji yenye magadi ya kuokea, kijiko kikubwa kwa lita, kuua asidi iliyobaki, suuza tena. Sasa mimina ndoo ya maji kwa juu kwa haraka: rejeta nzima inapokea maji na kuyatoa chini karibu kwa kasi ile ile unayomimina. Yakijaa na kufurika juu wakati chini yanatiririka tu, bado, au vibomba vingine vimeziba mpaka fundi afungue tenki la juu kwa moto na kupitisha ufito mmoja mmoja. Hiyo kazi usijaribu nyumbani.

Na hapa nisisitize kitu ambacho wengi wanakiruka. Rejeta yako ya shaba haitoi kutu ya kahawia, hiyo kutu imetoka kwenye bloku ya injini ambayo ni chuma. Ukiosha rejeta peke yake ukairudisha, bloku itakuletea tope jipya ndani ya miezi michache. Wakati rejeta iko nje tafuta plagi au koki ya kutolea maji pembeni mwa bloku, ifungue, mara nyingi hata ikifunguliwa hakitoki kitu mpaka uchokonoe kwa waya kwa jinsi tope lilivyojaa. Toa themostati, ingiza mpira wa maji kwa juu, acha itiririke mpaka ichoke. Themostati yenyewe itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni ukiwa na kipima joto, ya digrii 82 inatakiwa ianze kufunguka maeneo hayo. Ikigoma nunua nyingine na UIRUDISHE, tafadhali. Hii tabia ya kutoa themostati moja kwa moja eti gari za Afrika hazihitaji, siipendi hata kidogo, injini inachelewa kupata moto, inakula mafuta, inachakaa, na kwenye injini ambazo themostati ndo inafunga ile njia ya pembeni, ukiitoa sehemu ya maji ya moto inazunguka bila hata kupita kwenye rejeta.

Kabla ya rangi, pima kuvuja. Ziba midomo yote, zamisha rejeta kwenye pipa la maji, ingiza upepo kidogo wa nusu baa tu, kama paundi 7, pampu ya baiskeli inatosha na ni salama kuliko kompresa. Mapovu yakitoka weka alama. Kuziba kwa lehemu ndo sasa, siyo baada ya rangi, lehemu haishiki juu ya rangi. Lehemu ya rejeta ni bati na risasi na inaanza kuyeyuka digrii 183 tu, kwahiyo kama hujazoea usielekeze tochi ya gesi pale, unaziba tundu moja huku unafungua mshono wa jirani. Mpe fundi rejeta, ni kazi ya dakika kumi kwake. Na mambo ya kumwaga bizari ya manjano, ute wa yai au zile poda za kuziba, hiyo ni ya kukufikisha nyumbani ukiwa umekwama porini. Kwenye rejeta uliyotoka kuihangaikia namna hii utakuwa unarudisha uchafu kwa mkono wako mwenyewe.

Rangi basi. Matenki ya juu na chini na zile mbavu za pembeni ndo mahali pa kazi: kwangua rangi iliyobabuka kwa brashi laini ya waya wa shaba na msasa wa maji namba 240 hivi, siku zote ukiwa umelowanisha, kwa sababu rangi za zamani na lehemu vina risasi na vumbi lake halifai kuvutwa, vaa barakoa na usifanyie jirani na watoto au kisima. Katikati kwenye mapezi usipitishe msasa wala waya. Futa kwa thina, puliza upepo mdogo, anika mpaka ikauke kabisa hata ndani ya mapezi, siku ya jua kali inatosha lakini Mafinga mwezi wa Julai ipe siku mbili.

Shaba haipendi kushika rangi, kwahiyo matenki yapulizie kwanza praima ile inayong'ata metali laini, waambie dukani ni ya kupaka shaba au aluminiamu, watakuelewa, koti moja jembamba. Alafu rangi nyeusi isiyong'aa ya kopo la kupuliza. Hauhitaji ile ya egzosi ya bei mbaya, rejeta haifikii huko, inacheza kwenye digrii mia, ya kawaida inayovumilia joto kidogo inatosha. Matenki makoti mawili. Katikati simama mbali kama sentimita 30, pitisha haraka koti moja la vumbi tu kila upande, kwa mshazari siyo moja kwa moja, lengo ni kuficha wekundu wa shaba na siyo kuifunika. Ukitaka kujua kama umezidisha weka tochi nyuma yake usiku, mwanga unatakiwa upite wote kama mwanzo. Ikikauka ndo uirudishe, na usisahau kava la feni, nakuta Land Rover nyingi limetupwa na watu wanashangaa feni haivuti. Mkanda wa feni nao, ukiwa umelegea feni na pampu ya maji vyote vinateleza ukiikaza injini, mlimani tena.

Kujaza: mfumo wote unachukua kama lita 8 mpaka 10. Usirudi kwenye maji ya kisima, tumia maji ya mvua masafi au maji ya betri, yale ya kuongezea, siyo makali, changanya nusu kwa nusu na kulanti. Soma kopo, tafuta iliyoandikwa inafaa rejeta za shaba na lehemu, mara nyingi ni ile ya kizamani ya kijani lakini rangi yenyewe isikudanganye kwa sababu kila kampuni inapaka inavyotaka. Hizi za magari mapya nyingi zimelenga aluminiamu. Faida ya kulanti siyo baridi tu, inazuia ile kutu ya bloku na inapandisha kiwango cha kuchemka. Jaza polepole, hita ikiwa imefunguliwa, washa mfuniko ukiwa wazi, acha isailensi, yaani iwake bila kukanyaga mafuta, mpaka mpira wa juu upate moto, hapo themostati imefunguka na maji yatashuka ghafla, ongeza, funga.

Ila wakati imesailensi hivyo chungulia mdomo wa rejeta. Mapovu machache mwanzoni ni hewa inatoka, kawaida. Yakiendelea mfululizo hata baada ya kupata moto, na ukikanyaga mafuta yanaongezeka na kunukia moshi, hiyo ni hedi gasketi, ile inayokaa kati ya hedi na bloku, imeungua, gesi ya silinda inaingia kwenye maji, na hapo utapanda Kitonga na rejeta mpya kabisa ya dukani na itachemsha tu. Zima, usiendelee kuisumbua rejeta, mwite fundi injini afungue hedi aipime kwa rula kama imepinda.